Toto Arobaini na Saba

Mwezi wa pili wa mwaka 2003, Butembo haikuwa na kazi kubwa kuliko kuandika majina ya watu. Watu walikuwa wanashuka kutoka upande wa Ituri, wanapita Eringeti, wanajaa Mavivi, wanajaa Beni, na wengine wanafika mpaka kwetu na godoro moja kichwani na kuku mmoja kwapani. Katika kukimbia kule watoto wengi waliachana na wazazi. Makanisa yakaunda kamati, kamati ikanunua kaye, madaftari ya shule, na katika kila kituo mwinjilisti mmoja akakaa mezani na kalamu ya biki akiandika nani amefika, ametoka wapi, anamtafuta nani. Kazi nzuri, Mungu awabariki. Lakini mama aliyelala Butembo atafunuaje kaye iliyo Eringeti? Hapo ndipo walipomwita Jemima Kasonia.

Jemima alikuwa na miaka ishirini na sita, na alikuwa amesoma informatique, mambo ya kompyuta, miaka mitatu kabla vita haijamfungia mlango wa chuo. Kamati ilimpa chumba nyuma ya kanisa, mashini moja iliyochoka yenye Windows 98, na umeme wa grupu, jenereta iliyonguruma kutoka saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili, siku ambayo mafuta yapo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ukurasa wa intaneti. Vituo vyote vingeweka majina yao humo, na mzazi popote alipo angeingia cyber, aandike jina la mtoto wake, aambiwe yuko wapi.

Sasa niseme wazi, maana sipendi kuzunguka nyumba wakati mlango uko wazi: Jemima hakuwa anaifanya kazi hiyo kwa ajili ya kamati. Alikuwa anamtafuta Esdras.

Esdras alikuwa mtoto wa dada yake mkubwa, Kasika, miaka minne na kitu. Jina lake kamili ni Kasereka Esdras, kwani kwetu Wanande tumbo la mama ndilo linalotoa jina la kwanza, na mvulana wa tatu ni Kasereka, upende usipende. Kaka zake wawili walikuwa salama na baba yao kule Kasugho, shambani. Yeye mdogo alikuwa na mama yake, ng'ambo ya Eringeti, kwenye senta ya soko ambako Kasika aliuza vitenge. Asubuhi moja bunduki zikaingia senta. Kasika akambeba mtoto, akakimbilia msituni. Siku ya pili akasikia watu wenye silaha karibu na njia. Akamwingiza mtoto katikati ya mizizi ya mti mkubwa, akauchukua mkono wa mtoto mwenyewe, akauweka juu ya kinywa chake, akamwambia asiseme neno, asilie, mpaka mama amwambie. Kisha akatoka kwenda kutazama kama kivuko cha mto ni salama. Risasi ikampata kwenye paja. Watu waliokuwa wanakimbia wakamwokota, wakambeba, naye akapiga kelele mpaka akazimia. Alipoamka alikuwa Beni.

Ndiye huyo sasa, kwa Jemima, mtaa wa Furu, mguu mmoja umefungwa plasta kutoka nyonga mpaka kisigino. Hakuweza hata kwenda chooni peke yake, sembuse Eringeti, na barabara ya Eringeti yenyewe ilifunguliwa kwa msafara wa wanajeshi tu, siku wanayotaka wao. Chakula alikuwa anakisogeza tu kwenye sahani. Kila siku alirudia neno lile lile, kwamba ni yeye aliyemnyamazisha mtoto, na kwamba kama angemwacha alie, mtu mwema angemsikia.

Mara tatu Jemima aliuliza Eringeti kwa foni, ile redio ya mawasiliano ya kanisa, na mara tatu alijibiwa kwamba Kasereka Esdras hayuko kwenye kaye. Na wiki ile likazuka jambo lingine. Shirika moja la kusaidia watoto lilitangaza kwamba Ijumaa asubuhi ndege itatua Mavivi, ichukue watoto wote ambao hawajadaiwa na mtu, iwapeleke kwenye nyumba ya yatima Kinshasa. Nia ilikuwa njema, sibishi. Lakini Kinshasa! Kutoka kwetu mpaka kule wakati ule hapakuwa na barabara, palikuwa na ndege na maombi tu. Mtoto wa miaka minne akishafika kule, nani atamkumbusha kwamba mama yake anaitwa Kasika?

Kwa hiyo ukurasa ulipaswa kusimama kabla ya Ijumaa. Jumatatu kamati ikamletea Jemima msaidizi kutoka Beni, Monsieur Urbain Tshibangu.

Urbain alikuwa mtu wa Kasai, fundi wa Serikali aliyetumwa Beni na kusahaulika huko. Mshahara ulikuwa unakuja kama mvua ya mwezi wa saba, lakini tai hakuivua hata siku moja. Alijua kazi kuliko Jemima, na alijua kwamba anajua. Alifika na disketi tatu zenye majina ya Beni, Mavivi na Eringeti, ambayo makarani wake walikuwa wameyachapa kutoka kwenye kaye neno kwa neno, na alifika pia na mawazo yake yamekwisha kupangwa. Kwanza, alisema, kazi ya kweli inafanyiwa kwenye serveri ya kweli, kompyuta kubwa inayobeba kurasa za intaneti: waende cyber, waingie moja kwa moja kwenye serveri iliyokodiwa kule Ulaya, waandike ukurasa hapo hapo. Jemima akamwonyesha dirisha. Mawingu yalikuwa tayari yamekaa juu ya vilima, na kila mtu wa Butembo anajua kwamba mvua ikianza, sahani ya cyber inayonasa intaneti inakuwa ya kuanikia mihogo tu.

Basi Urbain akatoa mpango wa pili, sidii nne za Linux alizozifunga kwenye kitambaa kama mayai. Alitaka mashini yote ifutwe, igeuzwe serveri kamili kama zile za mjini. Jemima akakubali wajaribu, kwenye diski ya zamani iliyokuwa kabatini, asiguse ile ya kazi. Mashini ikameza sidii ya kwanza, ikameza ya pili, kwa ya tatu ikaanza kukoroma, kisha kioo kikawa cheusi. Kumbukumbu yake ilikuwa ndogo mno. Urbain akaizungumzia mashini kwa Chiluba muda mrefu, na sidhani alikuwa anaibariki.

Ndipo Jemima akatoa chake. Kilikuwa sidii iliyokuwa imebandikwa juu ya gazeti la Kifaransa la mambo ya kompyuta, gazeti ambalo muuguzi mmoja mzungu aliliacha alipohamishwa. Ndani yake kulikuwa na EasyPHP. Unaifungua mara moja tu, na kila kinachohitajika kinakaa pamoja, serveri, hifadhi ya majina, na lugha ya kuandikia kurasa. Mashini inakuwa serveri yake yenyewe. Unaiuliza na inajibu, bila waya, bila sahani, bila mtu wa nje kuona. Urbain akacheka puani, akasema hicho ni kitu cha wanafunzi.

"Njo vile," Jemima akakubali. "Miye mwanafunzi. Kule kwa serveri yako, kosa ikitoka, imetoka mbele ya batu bote. Hapa nikiharibu, nimeharibu kwa jiko yangu."

Alikuwa amefikiri jambo hili siku nyingi, si ubishi wa bure. Alishakwenda cyber akamwomba kijana wa zamu amchapie karatasi ya namba za matoleo ya programu zinazotumika kwenye serveri ya kukodi, akalinganisha na zile za sidii yake, zikakubaliana, maana hakutaka kitu kinachotembea nyumbani kikifika kule kilale. Alitaka pia kujaribu kwa madirisha mawili ya kusomea intaneti, lile jipya la Butembo na Netscape ile ya kale, kwani alijua mashini za cyber ya Beni zimebaki na Netscape. Urbain aliona huo ni upotezaji wa mafuta. Jumanne alasiri wakaufungua ukurasa kwa dirisha la kwanza, ukawa safi. Wakaufungua kwa Netscape, ukawa mweupe kabisa. Jedwali moja halikufungwa mwishoni, na kwa kosa hilo dogo Beni nzima isingeona hata herufi. Urbain akasahihisha mwenyewe, kisha akakubali, "Bon." Toka siku ile hakuisema tena ile habari ya wanafunzi.

Lakini alikuja na desturi yake, na desturi hiyo ndiyo hadithi yenyewe. Watu wote waliofundishwa kazi hii kwa Kifaransa wana neno moja la kujaribia. Wakitaka kuona kama ukurasa unapokea jina, wanaandika toto. Jina la pili, toto tena. Usiniulize kwa nini, wao wenyewe hawajui. Urbain akaketi akaandika toto wa kwanza, toto wa pili, toto wa tatu, mmoja bila umri, mwingine mwenye jina refu kama treni. Jemima akashika tumbo kwa kucheka.

"Monsieur Urbain, huku kwetu toto ni mutoto."

Urbain akajibu kwamba mashini haijui Kiswahili. Basi wakaendelea, wa kujaribia wakawa arobaini. Wengine Urbain aliwaita grand toto na petit toto, kwa kubadilisha ladha. Jemima akapiga alama ya kila mmoja kwenye karatasi, mistari minne na mmoja wa kukata, mara nane.

Jumatano wakataka kuona kama mashini itabeba uzito wa kweli, wakamwaga ndani majina ya disketi zote tatu, watu mia sita na kumi na wawili. Wakawamwaga kwenye jedwali lile lile la akina toto. Hapo walikosea wote wawili, na mimi siwatetei. Lakini Jemima hakuwa na akili ya kupanga makabati siku ile. Aliandika Kasereka, ikatoka mistari thelathini na mmoja, akaisoma yote, wazee na vijana na watoto, hakuna Esdras. Aliandika Esdras, wakatoka wawili, babu mmoja wa Mavivi na kijana wa miaka kumi na moja. Akaandika yote mawili pamoja. Mashini ikajibu: Matokeo, 0.

Aliporudi nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Kasika alikuwa ameketi kwenye mkeka mlangoni, mguu ameunyosha mbele, na swali alilolingojea siku nzima likatoka kabla ya salamu.

"Mashini yako imesema nini?"

"Bado, yaya," Jemima akamjibu dada yake mkubwa. "Bado inajiongelea yenyewe."

Uongo mdogo, na aliuona unavyomtoka. Aliumia kwa kusema uongo kwa mtu ambaye hana kitu kingine cha kushika.

Alhamisi ikafika. Grupu ikawashwa saa nane kamili. Mpango ulikuwa kufuta wale wa kujaribia, kuiweka kazi kwenye disketi, na kuipeleka cyber kabla ya saa kumi, kwani kijana wa cyber alishaahidi kuwashikia nafasi. Nje mawingu yalikuwa yanajikusanya. Urbain alisimama nyuma ya kiti, anatazama saa, anatazama dirisha, anatazama saa.

Jemima akaandika amri moja fupi: futa kila mstari ambao jina lake lina toto ndani yake, mwanzoni, katikati au mwishoni. Hivyo angewabeba akina grand na petit pamoja. Akabofya. Mashini ikafikiri kidogo, ikajibu kwamba mistari iliyofutwa ni arobaini na saba.

Jemima akaitazama karatasi yake. Mistari minne na mmoja wa kukata, mara nane. Arobaini.

Urbain akasema walihesabu vibaya, jambo la kawaida, twende, mvua inakuja. Akachukua koti lake. Jemima hakusogea kwenye kiti. Binti wa sokoni huyo, mama yake aliuza maharagwe pale pale Butembo miaka ishirini, na hesabu ikizidi saba haondoki mpaka ajue hao saba ni akina nani. Urbain akaanza kukasirika, donc, basi kazi ya mwezi mzima isimame kwa ajili ya toto saba? Jemima akamjibu taratibu, bila kugeuka.

"Kama tungekuwa kwa serveri yako, saa hii bangekuwa bamepotea. Hapa bako tu kwa disketi. Kaa."

Urbain akakaa. Wakalifuta jedwali lote, wakamwaga tena disketi moja moja, Beni, Mavivi, Eringeti, safari hii bila wale wa kujaribia. Kisha Jemima akaandika amri ile ile, ila badala ya futa akaandika onyesha.

Wakatoka saba. Hapakuwa na grand wala petit. Katika kila mstari, mahali pa jina, pameandikwa mutoto hana jina, katoto ka kike, batoto ba mapasa (mapacha), mutoto ya mama aliyekufa kwa njia. Ni kaye ya Eringeti. Mwinjilisti wa kule, Papa Josaphat Muyisa, alikuwa mtu mwaminifu kupita kiasi, na mtoto akishindwa kusema jina lake, yeye hakumtungia. Aliandika alichokiona, na alichokiona ni mtoto. Makarani wa Beni nao wakachapa neno kwa neno.

Aibu ikampanda Jemima mpaka masikioni. Wiki tatu amekuwa anauliza jina. Ametengeneza ukurasa mzima wa kuuliza jina. Na watoto ambao hawana wa kuwasemea majina yao, ndio hasa waliopotea kuliko wote, hawakuwa na njia ya kumjibu. Kidogo tu angewafagia pamoja na takataka za kujaribia, akaenda zake cyber akifurahi.

Akasoma mstari wa kwanza mpaka mwisho, pamoja na maelezo. Akasoma wa pili. Alipofika wa tano akasoma kwa sauti bila kujua kwamba anasoma kwa sauti: "Mutoto mume, myaka ine ao tano. Aliokotwa na batu ba kuchoma makala kwa mizizi ya muti. Hasemi. Halie. Mukono yake iko kwa kinywa saa yote, hata akilala."

Urbain hakuijua habari ya mizizi wala ya mkono, hakuna aliyewahi kumwambia. Aliona tu Jemima amesimama ghafla na kiti kimeanguka. Jemima akamweleza kwa maneno kumi, pengine pungufu. Na huyo Urbain wa Serikali, mtu wa tai, aliyekuwa anaililia saa kumi ya cyber, hakuuliza swali hata moja. Alitoka mbio mpaka barabarani. Gari halikuwepo, na mguu wenye plasta haupandi pikipiki, kwa hiyo akamkodi mwenye chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili linalobeba viazi. Watu wa Furu wanasimulia mpaka leo jinsi bwana wa Kasai alivyompakia Kasika juu ya chukudu, mguu umenyooka mbele kama bomba, na yeye mwenyewe anasukuma nyuma kwenye kilima pamoja na mwenye chukudu, tai begani, anapiga kelele watu wapishe.

Jemima alikuwa ameshafika chumba cha foni, hatua ishirini kutoka pale. Akaita Eringeti mara nne kabla ya kujibiwa. Papa Josaphat alikuwa nje, na walipomleta alisema kwa haraka kwamba hana muda, lori la msafara limeshawashwa injini, watoto wa ndege wamekwisha kupanda, wanaondoka sasa hivi kwenda kulala Mavivi. À vous.

Kwa asiyejua foni, hayo maneno ya mwisho ndiyo mlango wake. Mmoja akisema, mwingine hawezi kusema. Unamaliza neno lako, unatamka à vous, zamu yenu, unaachia kitufe, na hapo tu ndipo mwenzako anapata sauti.

Jemima alimwomba amshushe mmoja. Yule asiyesema, mwenye mkono kwenye kinywa. Papa Josaphat akasita, akasema majina ya lori yamekwisha kutiwa saini, na bakubwa ba msafara bako bakali. Jemima akamwambia kwamba mama wa mtoto yuko njiani, anakuja kusema naye kwa foni. Papa Josaphat akasema ngoja. Foni ikabaki inachemka peke yake kama mafuta kwenye kikaango.

Kasika akaingizwa akiwa amebebwa, jasho na vumbi, Urbain upande mmoja na mwenye chukudu upande mwingine. Wakamweka kwenye kiti mbele ya foni. Jemima akampa kipaza sauti mkononi na kumwonyesha kitufe. Kasika akakitazama kama kitu kinachoweza kumng'ata. Aliuliza kwa sauti ndogo kama kweli ni yeye, na Jemima akamwambia ukweli, kwamba hajui, kwamba ni mstari wa tano tu kwenye mashini. Nje matone ya kwanza yakaanza kupiga bati.

Papa Josaphat akarudi hewani. Alikuwa anahema. Alisema mtoto yupo hapa mezani, amemshusha na wanajeshi wanamfokea, basi wafanye upesi. À vous.

Kasika akabonyeza. Wote walisikia anavyovuta pumzi. Kisha akasema kama mtu anayemwamsha mtoto asubuhi nyumbani kwake.

"Esdras. Ni mama. Bale batu balishakwenda. Toa mukono kwa kinywa. Sema sasa."

Akabaki ameshika kitufe, kidole kimekauka pale. Jemima akainama, akasema à vous kwa niaba yake, akakifungua kile kidole taratibu kutoka kwenye kitufe.

Foni ikachemka. Papa Josaphat akasikika kwa mbali, si kwao alikuwa anasema, alikuwa anamwambia mtu mwingine kwamba ametoa mkono, angalieni, ametoa mkono. Halafu sauti moja ndogo, iliyopasuka, kama mlango ambao haujafunguliwa muda mrefu.

"Mama. Sikusema. Hata kidogo. Hata na njaa."

Kisha ikaongeza, "Njoo unibebe."

Kasika alilia kwa namna ambayo Jemima hakuwahi kuisikia tangu walipokuwa watoto. Jemima alilia pia. Urbain aligeukia ukuta, akajifuta uso kwa ile tai. Mwenye chukudu, ambaye hakuelewa hata nusu ya mambo, alikuwa analia kuliko wote.

Papa Josaphat aliporudi hewani sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamua. Alisema huyu hapandi lori, wanajeshi wakitaka wamfunge yeye, na hao wengine wasio na jina atawashusha pia mpaka Butembo iwatafutie wazazi. Akauliza aandike jina gani kwenye kaye. Kasika akamwambia. Safari hii à vous aliitamka mwenyewe.

Siku ile ukurasa haukwenda cyber. Mvua ilikuwa imeshika mji, na kijana wa cyber alikuwa amekwisha kufunga. Jemima alirudi kwenye chumba cha nyuma ya kanisa, ikiwa imebaki robo saa ya umeme, na Urbain akamfuata akiwa amelowa, akavuta kiti. Walikubaliana kwa maneno machache kwamba ukurasa utapata sehemu ya pili ya kutafutia, isiyouliza jina, inayouliza mtoto anafanya nini, amevaa nini, alikutwa wapi. Urbain akasema wa kujaribia watakaa kwenye jedwali lao peke yao, na kwamba yeye toto haandiki tena maisha yake yote, ataandika majina ya mashemeji zake, hao wakifutika hana hasara.

Kisha Jemima akafungua mstari wa tano, akalifuta lile neno mutoto, akaandika jina. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeweza kuliona wakati ule, lilikuwa kwenye mashini ile moja tu, inajiongelea yenyewe nyuma ya kanisa. Akaenda kwenye sehemu ya kutafutia, akaandika Kasereka Esdras, akabofya.

Matokeo, 1. Eringeti.

"Inatembea," Urbain akasema.

Wakazima mashini kabla grupu haijazimika.